Pilipili za Mwalimu wa Chuo

Kwa miaka miwili mtaa wetu mzima ulijua jambo moja ambalo Mwalimu peke yake hakulijua: pilipili yake ilikuwa imeharibika. Haikuharibika kwa kuchacha wala kwa kuota ukungu. Ilikuwa chungu, uchungu wa kitu kilichoungua, na ukiitia kwenye wali umeupoteza wali. Kila nyumba ilikuwa na kopo la pilipili hiyo limefichwa nyuma ya pipa la unga, na kila nyumba ilimwambia Mwalimu kwamba mkono wake, mashaallah, haubadiliki. Mimi nilimwambia hivyo mara mbili, mara moja uso kwa uso na mara moja kwa simu. Kisha akatangaza kwamba atapeleka chupa ishirini Bwejuu, kwenye walima, karamu ya harusi ya mjukuu wake, kwa wakwe wapya ambao hawamjui na hawana sababu ya kumstahi. Hapo ndipo raha ilipotutoka.

Lakini kwanza nimweleze mwenyewe, maana asiyemjua atadhani tulikuwa waoga tu. Waoga tulikuwa, ila tulikuwa na haki ya kuogopa.

Ni mwalimu wetu wa chuo. Kuanzia msikitini mpaka kwenye kona ya muuza kahawa, watu wote wamesoma Kurani ukumbini kwake, akina mama na watoto wao, na sasa wajukuu. Hakuna anayemwita kwa jina. Hata marehemu mumewe alikuwa akimwita Mwalimu, na inasemekana siku ya ndoa yao, bwana alipokosea neno moja wakati wa kuitikia, sauti ilitoka nyuma ya pazia ikamwambia arudie. Mumewe alikuwa akiisimulia hadithi hiyo kwa fahari, na Mwalimu akiikanusha, lakini aliikanusha huku akitabasamu.

Bakora yake haikumgusa mtoto hata siku moja. Ilipiga mkeka. Vumbi lilinyanyuka mbele ya magoti yako, nawe ukanyanyuka pamoja nalo. Neno lake kubwa lilikuwa "Rudia." Hakulisema kwa hasira. Ukivuta herufi pasipovutwa, rudia. Ukimeza mwisho wa neno, rudia. Nilirudia aya moja siku nne mpaka nikaiota, na siku ya tano, nilipoisoma sawasawa, hakunisifu. Alifungua ukurasa wa pili. Nilikwenda nyumbani nikalia, mama akaniuliza nini tena, nikamwambia nimefaulu.

Chuo kilikuwa ukumbini na jiko lilikuwa uani, na kati yake hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia tu. Alhamisi asubuhi Mwalimu alikuwa akichoma pilipili huku akitusikiliza. Moshi wa pilipili haubishi hodi. Ulipita chini ya pazia, ukatuingia kooni, na sisi tukakohoa mstari mzima. Mwanzoni tulidhani ni bahati mbaya. Baadaye tukamsikia akimwambia mama mmoja aliyekuja kulalamika kuhusu kifua cha mwanawe:

"Mwanao hana kifua, Bi. Mwanao hasomi. Anayesoma kwa sauti ndiye anayekohoa. Huyo anachezesha midomo, Alhamisi zote hajakohoa hata mara moja."

Tangu siku hiyo, moshi ulipoanza tu, wote tulikohoa, waliosoma na wasiosoma. Mwalimu alichungulia kutoka nyuma ya pazia, akatutazama mmoja mmoja, kisha akarudi jikoni. Nadhani alicheka, lakini sikumwona.

Uchomaji wenyewe ulikuwa hivi. Pilipili mbuzi, nyekundu na za manjano, aliletewa kutoka Mangapwani na mkulima aliyewahi kusoma kwake, na mkulima huyo alijua kwamba iliyopasuka atarudi nayo. Mwalimu alizikosha Jumatano, akazifuta moja moja kwa kitambaa, akazitandaza juu ya ungo mpaka kesho yake. "Pilipili yenye maji haichomeki," alikuwa akisema, "inachemka." Vikonyo hakuvitoa, kwa sababu kikonyo kinazuia maji ya ndani yasimwagike, na pia ndicho alichokishika kwa vidole kuigeuza pilipili juu ya wavu. Koleo hakuitaka. Makaa ya seredani aliyasubiri mpaka yafunikwe na majivu, na mtu aliyemharakisha alipewa kazi ya kuchambua vitunguu thomu.

Ikiwa motoni, alitufundisha, pilipili hutoa harufu tatu. Ya kwanza ni ya majani mabichi. Ya pili ni tamu, ya tunda lililoiva, na haikai sana. Ya tatu ni ya moshi. Kazi yote ni kuiondoa pilipili motoni harufu ya pili inapokwisha, kabla ile ya tatu haijaingia. Macho hayasaidii, kwa kuwa nyekundu na ya manjano hazibadiliki rangi kwa namna moja. Pua tu. Mwalimu alikuwa akifumba macho kabisa, kichwa amekiinamisha upande, na ghafla mkono unakwenda unaondoa tatu, nne, tano, anaziacha mbili, anangoja, anaziondoa na hizo. Kisha alizifunika kwa sahani mpaka zitoke jasho, akazitwanga kwenye kinu pamoja na thomu iliyochomwa na ganda lake, chumvi ya mawe, maji ya ndimu na siki kidogo. Tungule, yaani nyanya, hakutia. Tungule, kwa maoni yake, ni ya watu wanaoogopa.

Mwanawe wa kiume alimletea blenda kutoka ng'ambo. Aliiweka juu ya kabati la vyombo, akaifunika kitambaa cha kufuma, na kila mgeni alioneshwa. Haikuwahi kusaga kitu.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba yeye mwenyewe hali pilipili. Tumbo lilimkataza zamani, na daktari akatia muhuri. Wali wake aliula na ndizi mbivu. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimuuliza, Mwalimu, kwa nini unafanya kitu usichokila, akanijibu kwa methali ambayo kwa kawaida husemwa kuwanyamazisha wambeya: "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Nikamwambia basi, Mwalimu, hiyo si ndiyo yako? Akaniambia nikafungue juzuu.

Alikuwa na mengine ya namna hiyo. Alikataza kusengenya, na wakati huohuo dirisha lake la juu halikufungwa, na hapana posa iliyopita mtaani asiyoijua kabla ya aliyeposwa. Alitwambia televisheni inakula umri wa mtu, lakini chuo cha jioni kilikwisha kwa wakati, bila kuzidi hata dakika, kwa sababu kulikuwa na tamthilia ya Kituruki ambayo alikuwa akiifuatilia na kuwagombeza waigizaji wake. Hakutaka mtu apokee pilipili kutoka mkononi mwake. Aliiweka chini, wewe ukaiokota, kwani pilipili ikitoka mkono kwenda mkono huleta ugomvi. Nilimuuliza imeandikwa wapi. Alisema haikuandikwa popote, na kwamba nisiichukue kutoka mkononi mwake.

Chupa alizigawa kabla ya Ramadhani. Kila nyumba moja. Kijana mmoja wa mtaani, aliyesomea biashara, alimjia na karatasi za rangi akitaka zibandikwe kwenye chupa, zipelekwe mahotelini. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamtilia chai.

"Ntakwambia kitu, mwanangu," alisema. "Kitu cha kuuza kinamtisha muuzaji. Kila akija mnunuzi moyo unamdunda, atasemaje. Kitu cha kutoa hakina khofu. Mimi nshazeeka, sitaki khofu."

Yule kijana aliondoka na chupa yake kama watu wengine. Mimi nilikuwapo, na maneno yale niliyaona mazuri sana. Sikujua kwamba yatakuja kututesa.

Mwaka juzi Mwalimu alishikwa na homa iliyomlaza wiki tatu. Ilipomtoka iliondoka na pua yake. Hakumwambia mtu. Mama aligundua siku alipokwenda kumjulia hali, akakuta maziwa yanaungua jikoni, nyumba nzima inanuka, na Mwalimu amekaa hatua nne kutoka hapo anasoma nyiradi zake kwa utulivu. Mama akazima jiko. Mwalimu akasema, "Ah, nimesahau," na mama akasema sote tunasahau, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya nazi.

Mwezi uliofuata zikaja chupa. Niko Kiembe Samaki siku hizi, nakagua tiketi za abiria kiwanja cha ndege, lakini Ramadhani nafuturu kwa mama. Mama akafungua chupa, akamimina juu ya mhogo, tukatia mdomoni. Tukaangaliana. Nilidhani nitatema, lakini ukweli ni kwamba tulimeza. Kesho yake nilimkuta Mwalimu barazani, nikamwamkia, akaniitikia na kuniuliza pilipili je. Nikasema, "Mashaallah, Mwalimu. Mkono wako ni uleule." Maneno yalitoka yenyewe, na nikaona uso wake ukilegea namna ambayo sikuielewa wakati ule.

Sote tulifanya hivyo. Na kwa kuwa chombo cha jirani hakirudi kitupu, tulihamisha ile pilipili kwenye makopo, tukakosha chupa, tukamrudishia pamoja na visheti, vileja, maandazi. Kumwaga hakuna aliyethubutu. Kwa aibu tulizidisha sukari na iliki, na Mwalimu alipoona shukurani zimekuwa nyingi kuliko miaka yote, mwaka uliofuata akagawa chupa mbili kila nyumba. Tukamrudishia visheti mara mbili. Nikifikiria sasa nacheka, lakini wakati ule haikuwa jambo la kucheka, makopo yalikuwa yamejaa kabatini.

Ndipo ikaja harusi ya mjukuu. Bwana harusi mtu wa Bwejuu, watu wema, wakulima wa mwani na wavuvi. Upande wa bibi harusi ulitakiwa uchukue vyakula vya kupamba walima, na Mwalimu akasema yeye atachukua pilipili, chupa ishirini, kila sinia na yake. Majirani wanne wakakusanyika kwa mama. Mmoja akasema tununue za dukani tubadilishe njiani. Mwengine akasema tumwambie Bwejuu hawali pilipili. Mama akasema tumwachie Mungu. Mimi nikasema mtu amwambie, na wote wakaniangalia mimi.

"Usithubutu," mama alisema. "Utamuua. Ana nini chengine yule?"

"Wakwe watamuua zaidi, mama. Watasema bibi wa mwali hajui kupika. Litamfuata mtoto kule."

"Wacha. Tumemstahi miaka miwili, leo ndo tumvue nguo?"

Nililala nalo, na asubuhi ya Alhamisi nikaomba ruhusa kazini nikenda. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya harusi. Nilipiga hodi, akaniitikia kutoka uani. Alikuwa kwenye kibao, ungo wa pilipili pembeni, wavu umejaa. Nikamwambia shikamoo, akasema marahaba mwanangu, kaa, usinisemeshe, ninachoma.

Nikakaa. Alifumba macho, kichwa upande, vilevile kama zamani. Harufu ya majani ikaja, ikapita. Ikaja ile tamu, nikaisikia wazi, mate yakanijaa. Mkono wake haukwenda. Harufu ikaanza kupinda. Nilijiambia ngoja, labda ana dalili nyengine. Ngozi zilipasuka, moshi ukabadilika, na yeye amefumba macho tu, anasikiliza kitu ambacho hakikuwapo.

"Mwalimu, ziondoe."

"Bado."

"Zinaungua, Mwalimu."

Akafumbua macho. Hakuzitazama pilipili, alinitazama mimi. Nikanyoosha mkono nikaziondoa mwenyewe kwa vikonyo, nikaungua vidole, nikaziweka kwenye sinia. Chini yake zilikuwa nyeusi.

"Na mwaka jana?" aliuliza.

Ningeweza kusema mwaka jana zilikuwa nzuri. Nilikuwa na jibu hilo mdomoni.

"Mwaka jana ziliungua. Na mwaka juzi. Ilikuwa chungu kama shubiri, Mwalimu."

"Nani anajua?"

"Wote."

"Na mama yako?"

"Na mama."

Makaa yalikuwa yakipoteza nguvu na Mwalimu hakuyachochea. Nilijua kwamba nimemkosea, ila sikujua kwa lipi, la kusema au la kunyamaza.

"Pua yangu haipo tangu ile homa," alisema mwishowe. "Nilitaka kuwacha kabisa. Nikasema wacha nijaribu, mkono unajua njia wenyewe. Nikagawa huku moyo unanidunda. Mkaja mmoja mmoja, mnasifu. Nikasujudu kwa shukurani, wallahi. Nikasema alhamdulillahi, kumbe sihitaji pua." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Nimekusomesheni herufi kwa herufi. Mtu akikosea nukta nilikuwa nnamrudisha. Mimi nnasoma makosa miaka miwili mbele yenu, hapana hata mmoja alonambia rudia."

"Tulikustahi, Mwalimu."

"Hamkunistahi. Mliniogopa. Kustahi ni kitu chengine."

Nililia. Sikuona haya kulia, na moshi ulikuwapo wa kusingizia. Yeye hakulia wala hakunibembeleza. Alizichukua zile zilizoungua akazitupa kwenye ndoo, akachochea makaa, akapanga nyengine juu ya wavu, kisha akasogeza kibao cha pili karibu na seredani.

"Kaa hapa. Funga macho. Ukisikia tamu inakwisha, sema."

Tulichoma mpaka adhana ya adhuhuri na baada ya sala tukaendelea. Mimi nilinusa, yeye aliondoa. Mara mbili nilisema mapema, akaniuliza nina uhakika au nina njaa. Mara moja nilichelewa, naye akazitupa zote bila kusema neno. Kwenye kutwanga alinipa kazi ya kukamua ndimu, na yeye akakaa na kinu. Nilimwonjea kwa ncha ya kijiko kila hatua. Aliniuliza, nikajibu, akaniuliza tena kama vile jibu la kwanza hakulisadiki, na nikamjibu vilevile. Sidhani kama nimewahi kuwa na siku nzuri kuliko ile ndani ya nyumba ile.

Jumamosi tukaenda Bwejuu, chupa ishirini ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu ya mgomba ili zisigongane. Mama alikuwa hajanisemesha vizuri tangu nilipomwambia nilichofanya. Akina mama wa mjini tulikalishwa kwenye mikeka ya ndani, Mwalimu akawekwa mbele pamoja na wazee, mjukuu wake amepambwa amekaa kitini, masinia ya pilau yakaingia, na kila sinia na chupa yake.

Mama wa bwana harusi alikaa sinia moja na sisi. Ni mama mpana, mchangamfu, mikono imekauka kwa maji ya chumvi ya mashamba ya mwani. Alimimina pilipili pembeni ya pilau, akachovya kidole, akaonja. Akaonja tena. Sisi watu wa mtaa tukainamisha vichwa, kila mmoja anautafuta wali wake.

"Nzuri," alisema. "Huyu aliyechoma anajua kuchoma. Ila ndimu imezidi."

Kijiko cha mama kilisimama hewani. Jirani mmoja akaanza kusema hapana, mbona iko sawa kabisa, mashaallah. Ndimu nilizikamua mimi, nilitamani mkeka unimeze. Mwalimu alimgeukia yule mama taratibu, akarekebisha miwani yake.

"Imezidi kiasi gani?"

"Ndimu mbili hivi. Tatu ukiniuliza sana."

Mwalimu alifikiri. Kisha akajisogeza kwenye mkeka, akaukunja mguu wake unaomsumbua ili ipatikane nafasi, akapapasa pale palipokuwa wazi.

"Njoo ukae hapa karibu yangu, mkwe wangu," alisema. "Miaka miwili nnakaa na waongo."